Kura ya Akko

Wiki iliyopita binti ya jirani yangu, Sadia, alikuja kwangu hapa Wabera na madaftari mawili na simu ya kurekodi. Anasoma chuo kikuu, na mwalimu wake amempa kazi ya kuandika historia ya eneo bunge letu la zamani, lile kubwa lililoanzia hapa mjini Isiolo likapita nyika yote hadi Sericho, kabla mipaka haijachorwa upya na jina lake kufutwa. Siku hizi ukiwatajia watoto jina hilo wanakutazama tu. Sadia amezunguka kwa wazee mwezi mzima. Anajua wabunge wote waliopita, nani alimwangusha nani, nani alihama chama asubuhi akarudi jioni. Nilicheka sana, nikamwekea chai.

Halafu akafungua ukurasa mmoja. “Mama Jillo, na ile hadithi ya kipofu wa Wabera unaijua? Kila mzee ananiambia. Ati kulikuwa na kikongwe mmoja kipofu alimbariki mgombea kwa kahawa ya buna, akamwapia kura mbele ya watu, halafu siku yenyewe akampa mwingine. Ni kweli?”

Nikamwambia sijui. Nikamwambia wakati huo nilikuwa mtoto, sikumbuki mambo ya siasa. Akafunga daftari, akamaliza chai yake, akaniaga vizuri, akaenda.

Sasa fikiria. Mimi mtu mzima, nina binti aliyeolewa, naitwa kwenye harusi za watu kukaa mbele, na bado nadanganya kwa jambo lile lile nililolidanganyia nikiwa darasa la tano. Yule kipofu alikuwa nyanya yangu. Na kura aliyoapa hakuivunja yeye. Niliivunja mimi.

Akko ndiyo nyanya kwa Kiborana, na sikuwahi kumwita jina lingine. Alizaa watoto wake na kuwalea huko Sericho, akachunga, akazika mume, na macho yalipokwisha kabisa Baba akamleta mjini akae nasi. Nilipewa yeye nami nikapewa kwake. Tulilala chumba kimoja, kitanda kimoja. Alipotaka kwenda mahali aliweka mkono wa kushoto juu ya bega langu la kulia, tukaenda. Mbele ya wageni hakuniita Talaso, aliniita macho yangu. “Ngojeni macho yangu itoke shule,” alikuwa akisema, “ndiyo niende.” Kiswahili chake kilikuwa hivyo, cha kubahatisha, nusu Kiborana, na alikisema kwa sauti kubwa bila kumwogopa mtu.

Miaka ya kwanza nilifurahia kazi hiyo. Nilijiona mkubwa. Nilimweleza kila kitu, duka limefunguliwa, duka limepakwa rangi, yule pale ni fulani na amenenepa. Yeye akicheka unasikia mkono wake ukitikisika begani. Lakini nilipofika darasa la tano ile raha ilikuwa imeisha. Nyumbani kwetu vibuyu vya maziwa vilifukizwa kwa moshi wa miti, jinsi inavyofanywa ili maziwa yakae, na moshi ule uliingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye kitanda chetu. Darasani nilikaa na Kanana, binti ya karani mmoja wa serikali kutoka upande wa Meru. Kanana alikuwa na soksi nyeupe mbili, zote nzima. Siku moja aliinama karibu na shingo yangu akanusa, akasema, “Talaso, wewe unanuka reserve.” Hakusema kwa ubaya. Alisema tu vile mtu anavyosema leo kuna jua. Nilioga siku hiyo mpaka Mama akaniuliza nimeanguka wapi.

Reserve ndiyo tulivyoita kule nje, nyika, kule kwa Akko. Watoto wa mjini hatukuwa watu wa reserve. Tulikuwa watoto wa lami.

Mwaka huo ukawa wa uchaguzi, na wakashindana wengi, lakini sisi watoto tuliwajua wawili tu. Wa kwanza alikuwa mtu wa miwani na suti, anayezunguka na gari lenye spika, alama yake baiskeli. Alikuja shuleni kwetu, akatusemesha Kiingereza, tukaitikia bila kuelewa, akatuambia mtoto wa leo hapandi ngamia, anapanda baiskeli. Kufikia wakati wa kwenda nyumbani shule nzima ilishajua kwamba akishinda, kila nyumba iliyomchagua italetewa baiskeli yake. Sijui nani alianzisha. Mimi nilishachagua rangi.

Wa pili alikuwa Mzee Galma wa Sericho, alama yake kibuyu. Mzee huyu hakuwa mgeni kwetu. Mwaka wa ukame, macho ya Akko yalipoanza kuuma na hakuna gari lililokuwa likifika kule, ni yeye aliyempakia juu ya ngamia wake na kutembea naye kwa miguu siku tatu mpaka barabarani. Hakutaka hata shukrani. Sasa alikuwa anaomba kiti kwa sababu ya maji, hilo tu, maji ya Sericho. Lakini alipohutubia kwenye uwanja wa shule yetu, wacha niseme ukweli, Kiswahili kilimshinda. Alisimama na shuka yake na fimbo yake, akakwama, akarudia, akatafuta neno, akaliacha. Wanafunzi tulikufa kwa kicheko. Kesho yake wakati wa mapumziko mimi ndiye niliyemwigiza. Nilichukua kijiti, nikajifunga sweta begani, nikakohoa vile alivyokohoa, nikazungumza vile alivyozungumza. Kanana alicheka mpaka akakaa chini. Na lugha ile niliyokuwa naigiza ni ile ile ya Akko, neno kwa neno. Nilijua hivyo, wallahi nilijua, nikaendelea.

Kabla ya siku ya kura Mzee Galma alikuja nyumbani kutafuta baraka. Akko alikuwa mtu wa kubariki. Wasichana wakiolewa, watu wakisafiri, mtu akinunua lori, waliletwa kwake. Mama akakaanga buna, yaani kahawa na maganda yake kwenye samli, nyumba yote ikajaa harufu. Ukumbi ulikuwa umejaa watu. Akko akapokea bakuli kwa mikono miwili, akabariki mvua, akabariki mifugo, akambariki Mzee Galma na miguu yake iliyotembea siku tatu. Kisha akasema, na hakuna aliyemwomba aseme, “Galma, kura yangu ni yako. Mkono wangu ukiweka kwingine, buna hii inikatae.”

Watu wakaitikia. Kwetu neno likishasemwa juu ya bakuli lile limekwisha semwa. Mtu akilivunja hapelekwi kortini wala hatukanwi. Halishiki bakuli tena, basi. Hata mimi mtoto nililijua hilo.

Siku yenyewe kituo chetu kilikuwa shuleni kwetu, darasa langu mwenyewe, madawati yamesukumwa ukutani. Akko alivaa leso mpya. Hakuwahi kupiga kura maishani. Kila mara kitu kilimzuia, mara amehama na ng'ombe, mara hana kitambulisho, mara mto umejaa. Alisimama kwenye foleni mkono begani pangu, anasalimia kila aliyepita kwa sauti. “Salaam aleikum! Nani huyo? Nimekuja kura! Kura ya kwanza!” Watu walimcheka kwa upendo. Mimi nilisikia kicheko tu.

Na mbele yetu kidogo, nani? Kanana, ameletwa na mama yake. Akaja tulipokuwa, akamtazama Akko toka miguuni hadi kichwani, akaniambia kwa sauti ya chini, “Kumbe nyinyi ni watu wa kibuyu.”

“Sisi? Hapana.”

“Huyu cucu yako ni wa kibuyu. Si anaonekana tu.”

“Sisi ni baiskeli,” nikasema.

“Apa.”

“Wallahi.”

Lilitoka lenyewe. Kanana akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akarudi kwa mama yake. Mimi nikabaki pale nimeshikwa na baridi ya ghafla kwenye jua la saa nne. Mwalimu wa madrasa alikuwa ametufundisha wiki ile ile habari ya mtu anayetaja jina la Mungu kwa uongo na vile atakavyofanywa huko mbele, na hakutuficha chochote. Nilikuwa nimeapa. Foleni ikaenda, nami nafikiri moto. Ndani ya kichwa changu kidogo nikaona njia moja tu ya kuokoka: kiapo changu kisiwe uongo. Ilikuwa lazima nyumba yetu iwe ya baiskeli. Kiapo cha Akko sikukifikiria hata. Nilidhani kura zote zinamwagwa pamoja mahali fulani kama mahindi, na hakuna atakayejua ipi ni ya nani.

Tulipoingia, msimamizi wa kituo, mtu mnene aliyechoka, akasema, “Shosho, wewe huoni. Sema tu jina ya mtu wako hapa, karani ataweka alama.” Mawakala wa wagombea wote walikuwa wamekaa kwenye benchi, masikio yamesimama.

Akko akakataa. “Kura ni siri, mliimba kwa redio. Sasa niseme mbele ya hawa wote? Nitaingia na macho yangu.” Akanigonga begani.

“Mtoto haruhusiwi.”

“Basi mtu mzima yupi? Huyu ndiye ananiongoza hata chooni.”

Benchi lote likacheka. Nyuma yetu foleni ilikuwa inalalamika. Msimamizi akafuta jasho, akatazama mawakala, hakuna aliyepinga. Nani angeogopa kikongwe na mtoto? “Haya, ingia na macho yako, shosho. Haraka.”

Kibanda kilikuwa cha maboksi juu ya dawati, kalamu imefungwa kwa uzi. Akko akaniinamia sikioni. “Tafuta kibuyu, mama. Weka alama hapo, katikati kabisa, isitoke nje.”

Nilikiona kibuyu. Kilikuwa cha tatu kutoka juu, kimechorwa vibaya, kimepinda. Baiskeli ilikuwa chini yake. Nikaweka alama kwenye baiskeli, katikati kabisa, isitoke nje.

“Umeiona?”

“Nimeiona.”

“Umeweka?”

“Nimeweka, Akko.”

Akaichukua karatasi, akaikunja mwenyewe, akaigusisha kwenye paji la uso, akasema bismillahi, nami nikaongoza mkono wake hadi kwenye tundu la sanduku. Tulipotoka aliinua kidole chake chenye wino juu, akakiacha juu hivyo hivyo njia nzima mpaka nyumbani.

Nimewahi kujitetea. Nimejiambia nilikuwa mtoto, niliogopa moto, nilidanganywa na baiskeli. Yote kweli. Lakini pale kibandani kulikuwa na kitu kingine, na hicho sijawahi kumwambia hata mume wangu. Nilipoweka ile alama nilijisikia msafi. Nilijisikia kama nimevua nguo yenye moshi. Nilikuwa nimemwonea haya nyanya yangu kwa muda mrefu, na pale hakuna aliyekuwa akiniona, hata yeye.

Baada ya siku tatu matokeo yakatoka. Mtu wa miwani alishinda kwa mbali, hata kura ya Akko isingesaidia kitu. Baiskeli hazikuja, bila shaka. Aliyekuja ni Mzee Galma, jioni, kabla hajapanda lori la kurudi Sericho. Tulikuwa sote ukumbini, pamoja na majirani wawili waliokuja kumpa pole. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka mbele ya Akko. Walizungumza Kiborana, taratibu.

“Mama, nimekuja kukuaga.”

“Pole, Galma. Tulijaribu.”

Mzee Galma akasema kwamba kule kwenye ukumbi wa kuhesabia kura wamehesabu sanduku moja moja, kila kituo peke yake, na wakala wake alikuwepo. Sanduku la shule hii alilingoja zaidi ya yote. Hakutegemea kura nyingi huku mjini, watu wake hawapigii huku. “Nilitaka kuona moja tu,” akasema. “Nikiiona hiyo moja nitaijua ni ya nani, nitarudi nyumbani nimeshiba. Mama, walilimwaga lote. Hakukuwa na kibuyu hata kimoja.”

Hapo ndipo nilipojua kwamba kura si mahindi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Akko. Nilimwona Mama akigeuza uso kunitazama, na majirani wakimtazama Akko. Akko akainua mkono wake wa kushoto akapapasa hewani mpaka ukafika begani pangu. Ukatua. Bega lile lilikuwa linatetemeka, na mkono ule ulikuwa umesoma bega lile miaka minne. Ulijua nikichoka, nikiogopa, nikiona mbwa. Ulikaa pale kwa muda wa mtu kuhesabu hadi kumi.

“Nilibadilisha,” Akko akasema.

“Mama?”

“Nilifika mbele ya sanduku moyo ukageuka. Mtoto aliniuliza, Akko, kibuyu? Nikamwambia hapana. Mtoto alifanya nilivyomwambia. Ni mimi, Galma.”

Mzee Galma alimtazama muda mrefu. Sijui kama aliamini. Akainuka polepole, akashika fimbo yake, akasema Mungu akuweke, akaondoka. Majirani wakamfuata, wala hawakunywa chai. Kufikia swala ya ishaa mtaa mzima ulikuwa unajua.

Usiku kitandani nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Akanifunika shuka tu. “Kesho una mtihani wa hesabu?” akauliza. Nikasema ndiyo. “Basi lala.”

Hakuna aliyemtukana. Nilishasema, kwetu sivyo. Watu waliacha tu kuja. Wasichana wa kuolewa walipelekwa kwa bibi mwingine, mtaa wa pili. Wenye safari walipita mlangoni petu wakasalimia na kuendelea. Mama aliendelea kukaanga buna siku za sikukuu, na Akko alipoletewa bakuli alilipitisha kwa aliyekaa kando yake bila kubariki. Mara moja, mara mbili, Mama aliniita jikoni akaniuliza, “Talaso, siku ile ndani kulikuwaje?” Nikamjibu kama Akko alivyosema. Nilikuwa nimepewa uongo tayari, umeshapimwa, umeshashonwa. Kazi yangu ilikuwa kuuvaa. Nikauvaa darasa la tano, nikauvaa sekondari. Siku mtu alipotania sokoni kwamba fulani amempa mwenzake kura ya kipofu, yaani ahadi ya uongo, nilicheka na wengine.

Nilipokaribia miaka ishirini nikachumbiwa. Ukoo wa bwana harusi ulikuja kutoka upande wa Kulamawe, watu wa heshima, wanashika mila. Siku ya kunibariki nimekaa kwenye mkeka, nimefunikwa kichwa, wanawake wamejaa, samli inanguruma jikoni. Akko alikuwa mzee sana sasa, amekuwa mwepesi, nilimbeba mwenyewe kutoka chumbani na kumkalisha kando yangu. Mama, masikini, alidhani siku hiyo wataacha ipite. Bibi harusi ni mjukuu wake aliyemlea mwenyewe, nani mwingine ambariki? Akatoka na bakuli, akaliweka mbele ya Akko.

Shangazi wa bwana harusi akaweka mkono juu ya bakuli. Alisema kwa adabu, alishusha hata sauti. “Samahani jamani. Huyu mama tunamheshimu. Lakini neno lake lilivunjika. Hatuwezi kuanza nyumba ya mtoto wetu hivyo. Tafuteni mwingine.”

Mimi chini ya shela damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilijua ni sasa. Ni sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni kwa miaka kumi, nimeifanyia mazoezi, naijua kama Fatiha: si yeye, ni mimi. Nikavuta pumzi. Akko, ambaye macho hana lakini pumzi yangu aliijua, akanishika mkono chini ya shela, akaubana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

“Nyamaza,” akaninong'oneza. “Nilishasema ni mimi. Leo unataka kunifanya mwongo mbele ya wageni?”

Maisha yake yote alisema uongo mmoja, na aliusimamia.

Ningeweza kuutoa mkono ule. Ulikuwa mkono wa kikongwe. Ningeweza kufunua shela na kusema, na ndoa ikivunjika ivunjike. Badala yake nilisikia moyo wangu ukishuka na kutulia, na ndani yangu, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba ameniambia ninyamaze. Wakamleta yule bibi wa mtaa wa pili. Bakuli likaondolewa mbele ya Akko likawekwa mbele yake. Akabariki mvua, akabariki mifugo, akanibariki mimi na watoto wangu, na kila alipofika mwisho wa dua, sauti iliyoitikia amina kwa nguvu kuliko zote ilikuwa ya Akko.